Leso Zao Nilizijua, Nyuso Zao Sikuzijua

Mwaka wa tisa huu nasimama nyuma ya kaunta ya duka la leso, yaani kanga, Barabara ya Biashara, hapa Mombasa. Mteja aliyekuja Ijumaa, hata kama amekuja mara moja tu, naweza kukueleza alikuwa amejifunga leso gani: mji wake, yaani sehemu ya katikati, rangi gani, pindo ni la korosho au la maua, jina lililopigwa chini lasema nini. Leso ya kisutu naijua kwa mbali kabla mwenyewe hajavuka barabara. Lakini ungeniuliza uso wa mteja huyo ukoje, ningekosa la kusema. Macho yangu hayakuwa yakifika huko. Yakipanda kutoka mezani yaliishia kwenye fundo la leso, yakarudi chini.

Ikitokea yamekutana na macho ya mtu, nilihisi joto linapanda shingoni na mikono inatafuta pa kujishughulisha. Kibaya zaidi, nilikuwa siyasikii tena maneno ya huyo anayezungumza nami. Mteja ametaja bei aliyopewa duka la pili, mimi nasikia moyo wangu tu. Nikiinamisha macho, maneno yanarudi.

Nimelelewa Kibokoni, Mji wa Kale, kwa nyanya yangu. Waliokulia kule wanajua: mkubwa akipita, unamwamkia shikamoo, unaushika mkono wake unaubusu, unangoja marahaba, na muda wote huo macho yako chini. Nyanya akinikanya nami nikamwangalia, alisema, "Wanikodolea mato? Teremsha mato yako!" Nikayateremsha. Wageni wakija wakinisifu, "Mtoto huyu ana haya, mashallah." Sifa hizo zilinikaa. Ila ndugu zangu walilelewa na nyanya huyo huyo, wakateremsha macho mbele yake huyo huyo, na wakitoka barazani walitazamana na wenzao, wakagombana na wakacheka bila taabu. Mimi nilikuwa siinui macho hata kwa watoto wa rika langu. Kwa hiyo malezi siyalaumu. Malezi yalinipa mahali pazuri pa kujificha, na mtu aliyejificha pazuri hatafutwi.

Kazi ya leso ikanificha zaidi. Wateja wetu wengi ni wanawake, na wengi wao huvaa ninja, kwa hiyo kinachoonekana ni macho peke yake. Kwa mtu kama mimi hapo hapakuwa na pengine pa kutua: hakuna mdomo, hakuna kidevu, ni macho au ni kitambaa. Nikachagua kitambaa. Na kwa kuwa ni mwanamume ninayeuzia wanawake, kila mtu aliliona jambo hilo kuwa ni ucha Mungu. Mama mmoja alimwambia mwenye duka mbele yangu kwamba amepata kijana anayeifuata Surat an-Nur, anainamisha macho yake kama aya ya 30 inavyoamrisha. Nilinyamaza. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua kilichoyainamisha macho yangu hakikuwa aya. Kilikuwa hofu, nami nilikuwa nimeivisha kanzu.

Mara ya kwanza kunigharimu ilikuwa kwenye usaili. Nilikuwa nimechoka kusimama dukani, nikaomba kazi ya karani wa ghala katika kampuni moja inayotoa mizigo bandarini Kilindini. Walikaa watu watatu mbele yangu. Hesabu niliijibu, mambo ya stakabadhi niliyajibu. Kisha mmoja akauliza: mzigo ukipungua ghalani, utafanya nini? Nilijibu vizuri, tena hatua kwa hatua, kuanzia kuhesabu upya mpaka kuandika ripoti. Yote hayo nilikuwa nikiuambia ukingo wa meza. Akanikatiza: "Kijana, mtu anayesema kweli humtazama mwenzake." Nikajaribu kuinua macho, na jibu lote likaniponyoka. Kazi sikupewa.

Neno lile liliniuma kwa miaka. Mwizi sikuwa, mwongo sikuwa. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba si yule bwana peke yake anayefikiri hivyo. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowauliza watu wa nchi 58 wanamtambuaje mwongo, na jibu lililotolewa kuliko yote ni kwamba mwongo hakutazami machoni. Imani hiyo imeenea hivyo, lakini ni dhaifu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Bella DePaulo na wenzake walikusanya tafiti nyingi zilizopima dalili za uongo moja moja, na macho hayakuwatofautisha mwongo na msema kweli. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaosaili vijana. Huenda aliyeinamisha macho mbele yako amefunzwa nyumbani kwamba ndivyo mtu mzima anavyoheshimiwa.

Mara ya pili kunigharimu, ilikuwa nyumbani.

Tulipooana, mke wangu alichukulia kuwa nina haya za bwana harusi. Miezi ikapita, mwaka ukapita. Akinisimulia ya kazini kwake naangalia feni. Akilia, nakunja nguo. Nilikuwa nikimsikiliza, Mungu ni shahidi, kila neno ningeweza kulirudia. Ila yeye angejuaje?

Asubuhi moja akatoka chumbani amejifunga leso ambayo sikuwa nimemletea mimi. Mume wake anauza leso, naye amekwenda kununua doti nzima, leso mbili pamoja, duka jingine, mtaa ule ule. Macho yangu yakafika pale yanapofika siku zote, nikasoma: *Dalili ya mvua ni mawingu*. Kesho yake akaivaa tena. Siku ya tatu, tena.

Asiyelelewa pwani ataona hiyo ni nguo tu. Lakini kwetu leso husema lile ambalo mdomo umeona tabu kulisema. Mwanamke ana neno na jirani, na wifi, na mume. Halisemi usoni, analifunga kiunoni akapita nalo. Jina hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaliuza mara nyingi, na nilijua wanawake hulinunua wakiwa na shaka ya jambo gani. Mke wangu alikuwa akiniambia: naona mawingu, nangoja mvua, na mvua yenyewe ni mwanamke mwingine.

Jumapili ile nilimwomba twende Mama Ngina. Tukakaa ukutani tumeelekea bahari, mibuyu nyuma yetu, mihogo ya kukaanga kwenye karatasi katikati yetu, imepasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu. Mahali pale meli zinazoingia Kilindini hupita karibu mno, na wote wawili tulikuwa na kitu cha kuangalia. Nikamuuliza, "Ile leso umenivalia mimi?"

"Nani mwingine yumo nyumbani?"

Nikanyamaza. Akaendelea, taratibu, bila kupandisha sauti. "Nilipojifungua ulikuja hospitali. Ukamtazama mtoto. Ukatazama dirisha. Mimi hukunitazama. Tangu siku ile najiuliza, huyu anipenda au anivumilia?"

Nilimweleza yote pale, tangu Kibokoni mpaka ghalani. Ilichukua muda wa meli moja kutokea mbali mpaka ikapotea nyuma ya kona ya Likoni. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu yeyote, na ninaamini niliweza kwa sababu hatukuwa tumeelekeana. Nilipomaliza alikaa kimya, akafuta mikono kwa ile leso. "Ungeniambia tangu mwanzo," akasema, "ningejua la kufanya na roho yangu."

Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma nitafute msaada, kuliko ya yule bwana wa usaili. Nilimficha mtu jambo ambalo alikuwa akilitazama kila siku, naye akalijazia maana yake mwenyewe. Maana aliyoipata ilikuwa mbaya kuliko ukweli.

Nilikwenda kumwona mshauri nasaha katika hospitali moja ya umma. Alikuwa mama wa makamo, na jambo la kwanza alilolifanya ni kukiweka kiti chake upande, tukawa kama watu waliokaa kwenye benchi la matatu. Aliniuliza maswali mengi ya utotoni: nilianza kusema lini, nilicheza vipi, je, sauti na mwanga vilinisumbua, je, nilikuwa nikishika jambo moja tu siku nzima. Alikuwa akitafuta kama ni usonji, ule uitwao autism kwa Kiingereza. Akaona kwangu sivyo, kwangu ni hofu ya kutazamwa na kuhukumiwa. Lakini alinifahamisha kwamba wako watu wenye usonji ambao kwao kutazamwa machoni si aibu bali ni maumivu. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa mwaka 2017 uliofanywa na watafiti wa hospitali kuu ya Massachusetts kule Boston. Wenye usonji walipoelekezwa walikazie macho eneo la macho kwenye picha za nyuso, sehemu za ndani za ubongo zinazoshughulika na hisia na tahadhari zilichangamka kupita kiasi. Tangu niyajue hayo, nikimwona mzazi anamshika mtoto kidevu na kumgeuza kwa nguvu, "Nitazame ninaposema nawe," mwili wangu wote hukaza. Hujui unamgeuzia nini.

Kuhusu hofu yangu alinieleza jambo ambalo nilikuwa nimeliishi bila kulielewa. Kila nilipoyakwepa macho ya mtu nilipata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilisha hofu. Mwili ulijifunza kwamba nimeokoka kwa sababu nimekwepa, haukupata nafasi ya kujifunza kwamba hakukuwa na hatari. Dawa ni kukaa ndani ya joto lile kidogo kidogo mpaka lipungue lenyewe. Akanipa kazi: nianze na watoto, niende kwa wanaonizoea, mwisho wageni. Nikishindwa na macho, nitazame katikati ya nyusi. Aliye upande wa pili wa kaunta hajui tofauti. Hili la nyusi limenifaa kuliko nilivyotarajia, ingawa kwa mke wangu silitumii. Nilimwahidi kutomdanganya kwa lolote, hata kwa hilo.

Darasa kubwa nililipata nje ya duka, bure. Upande wa pili wa barabara kuna wazee hukaa alasiri wakicheza dhumna, na muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Kwa muda wa wiki kadhaa nilikuwa nikiwaangalia wanavyozungumza. Maisha yangu yote nilidhani watu wengine wanatazamana tangu mwanzo wa mazungumzo mpaka mwisho, na kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeshindwa. Sivyo kabisa! Mzee akianza hadithi, macho yake huenda kwenye dhumna, kwenye kikombe, kwenye mpita njia. Anapokaribia kumaliza ndipo anamwinulia mwenzake macho, mara moja, kama anayemkabidhi kitu. Mwenzake anapokea, naye anaanza kusema akitazama pembeni. Anayesikiliza hutazama zaidi kuliko anayesema. Tena akiulizwa jambo gumu, kama la deni la mwaka juzi, wa kwanza kuangalia mbinguni ni yule anayejulikana kwa ujasiri.

Nilipomsimulia mshauri alifurahi sana, akaniambia kwamba nimeona kwa macho yangu alichokiandika mtafiti Adam Kendon mwaka 1967 baada ya kuzichunguza picha za filamu za watu wakizungumza wawili wawili. Msemaji huondoa macho anapoanza, huyarudisha anapomaliza, na mrudisho ule ndio ishara ya "sasa zamu yako." Akanionyesha na mengine. Mwaka 2016 watafiti walipima muda unaomstarehesha mtu kutazamana na mwingine, kwa karibu wageni 500 wa makumbusho ya sayansi ya London. Wastani ulikuwa sekunde 3.3. Sekunde 3 na kidogo! Mimi nilikuwa nimejipa kazi ya saa nzima, ndiyo maana nilikuwa nikiikimbia. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kwamba mtu akitazamana macho na uso kwenye skrini huku anatafuta neno la kujibu, neno likiwa gumu kupatikana huchelewa zaidi. Ubongo hufanya kazi mbili kwa nguvu ile ile. Nilikumbuka jibu langu la ghalani lilivyoniponyoka nilipoinua macho, na kwa mara ya kwanza sikulionea aibu.

Basi nikabadilisha kipimo. Nikizungumza, macho nayaacha yaende yanakotaka. Nikifika mwisho wa sentensi nayainua kwa pumzi moja. Nikisikiliza, nayainua mara nyingi zaidi, na pale ninaposhindwa nasema neno: "Naam," "Enhe," "Kisha?" Kiswahili kimejaa maneno ya kumpokea mtu, na mimi nilikuwa nimekaa bubu nikidhani masikio yanaonekana.

Lakini moyo wangu ulikuwa bado na deni la ile sifa ya Surat an-Nur. Siku moja baada ya Alasiri nilimfuata maalim aliyenisomesha chuoni, chuo cha Kurani, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi mkononi. "Aya imekwambia ulinde macho yako na kisichokuwa halali yako," akasema. "Mkeo ni halali yako. Mamako, mwanao, rafiki aliyekuja na msiba wake, hao umeambiwa na nani usiwatazame?" Kisha akanikumbusha lililopokewa katika sifa za Mtume, kwamba alipokuwa akimgeukia mtu aligeuka kwa mwili wake wote, hakugeuza shingo peke yake. "Anza na kifua. Kielekeze kwa mtu. Macho yatakifuata kifua."

Sijapewa ushauri mwepesi kuufuata kuliko huo. Nilikuwa nimezoea kuwahudumia watu huku nikiwa upande, nusu nimeielekea rafu. Sasa mtu akiingia naweka chini nilichoshika, nageuka mzima mzima. Hata siku ambazo macho yamekataa kupanda, mtu anajua amepokewa. Nyumbani vivyo hivyo. Mke wangu ana neno zito, tunakwenda kukaa ubavu kwa ubavu; jambo la kawaida, nageuka. Na kila asubuhi kabla sijatoka namtazama. Haizidi zile sekunde 3, na wiki za mwanzo nilikuwa natoka jasho. Ile leso ya mawingu ameikata, moja ameipeleka jikoni.

Kuna bi mkubwa wa mtaa wa Kuze ambaye nimemhudumia miaka sita. Huvaa ninja, huja na mjukuu, na huchagua leso polepole, vidole vyake vikipita juu ya pindo na kitambaa. Kila mara huniambia, "Nisomee jina, mwanangu." Miaka yote nilidhani herufi hizi hazijui. Wengi wa rika lake walisomeshwa chuoni kwa herufi za Kiarabu, na hata leso zenyewe zamani zilipigwa majina kwa herufi hizo. Nikimsomea, nikikunja, nikimpa, macho yangu kwenye pindo.

Mwezi uliopita alikuja. Nikageuka mzima mzima kama nilivyojizoeza, nikainua macho.

Mboni ya jicho lake la kulia ilikuwa nyeupe kama tui. La kushoto lilikuwa limeanza kuingia ukungu. Uso wote umefunikwa, hayo macho mawili ndiyo pekee niliyokuwa nimepewa niyaone, na miaka sita sikuyaona.

"Bi mkubwa," nikamwambia, "jicho hili halioni tangu lini?"

Vidole vyake vilisimama juu ya pindo. "Mwaka wa tatu huu. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza. Nyumbani wajua nazeeka tu."

Nikamweleza ninachokijua kuhusu mtoto wa jicho: kwamba ni lenzi iliyo ndani ya jicho ndiyo iliyoingia ukungu, kwamba daktari huitoa akaweka nyingine ya kutengenezwa, na kwamba wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nilisema yote nikimtazama, kisha nikitazama meza, kisha nikimtazama. Alinisikiliza. Akauliza mara mbili kama kunauma.

"Na hilo jina hujanisomea," akasema.

Nikaikunjua leso. "*Subira yavuta heri*."

"Hiyo siitaki," akasema. "Nimeshasubiri. Nitafutie nyingine, na uniandikie hiyo hospitali ya macho iko wapi."

Nikachukua kalamu, nikaandika kwa herufi kubwa, nikampa mjukuu wake.